Fundo Nililolifungua Kila Ijumaa

Sifa, mwanangu, mama yangu,

Nakuandikia kwa Swahili. Najua utaisoma. Mpaka Jumapili asubuhi ningeapa kwa kaburi la baba yako kwamba huwezi, na ona sasa, miaka yote hii nimelala nyumba moja na wewe bila kujua ninakaa na nani.

Kichwa changu bado hakijatulia. Leo nimetia chumvi ndani ya chai, nikainywa, nikashangaa baadaye. Habari za sweta na pasipoti, na za kuangalia mizigo pale Johannesburg, shangazi yako amekwisha kuzisema kwa simu kutoka Kanada, na mimi nimekuuliza na wewe umenijibu "Yes Ma" mpaka basi. Sizirudii. Na usicheke mwandiko wangu. Nilifika darasa la nne pale Kolwezi, kisha mama yangu akazaa mapacha, na mtu wa kuwabeba mgongoni nilikuwa mimi.

Nianze na Jumapili, maana njo pale, njo fasi nilipigwa.

Chakula cha kukuaga kilikuwa kimekwisha kuliwa, bukari yote, sombe yote. Pasta akasema, Sifa atuachie neno kabla ya kupanda ndege. Mimi nilikuwa nimesimama mezani namimina juisi. Nikamsogelea Mama Kabibi wa saluni, kama ninavyofanya siku zote, ili wewe useme Kiingereza chako na yeye aninong'oneze. Mama Kabibi ndiye amekuwa mdomo wangu kwako na sikio langu kwako. Akainamisha kichwa, tayari.

Ukasimama. Ukasema:

"Wababa, wamama, jambo yenu."

Mama Kabibi akanitazama. Ukaendelea, pole pole, kama mtu anayepita juu ya mawe ya mto:

"Mimi sina maneno mengi. Mama yangu kila usiku anamwambia Mungu kwamba mimi ni mgeni anayemlisha tu, hajui kilicho ndani yangu. Leo mgeni anaaga. Mgeni anasema aksanti kwa chakula. Kilikuwa na chumvi ya kutosha."

Watu walicheka kwa ile chumvi. Kisha wengine wakaanza kulia. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa naendelea kumimina juisi. Kikombe kimejaa, kitambaa cha meza kimejaa, kiatu changu kimejaa.

"Mama Sifa!" Mama Kabibi akanishika mkono. "Mutoto eko anasema Swahili sawa nyanya yako, na weye uko unaosha meza na juisi! Huyu ulimfichaga wapi?"

"Sijui," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Hapo mtoto wa jirani, Plamedi, yule mwenye meno mawili tu mbele, akapaza sauti: "Sisi wote tunajua! Kwa gereji ya Bibi!" Mama yake akamfinya. Nikazungusha macho. Wamama wote wa jengo letu walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Mwanangu, lile neno la mgeni sijamwambia mtu yeyote. Si Mama Kabibi, si pasta. Nalisema jikoni, ukishalala nyuma ya pazia, na ninafungua bomba la maji kidogo ili sauti yangu ifunikwe. Kumbe maji ya Durban hayafuniki kitu. Tangu Jumapili ninahesabu yote niliyoyasema mbele ya lile bomba. Nilimlalamikia Mungu kwamba una kiburi. Nilimwuliza kwa nini alimchukua baba yako akaniachia mtoto nisiyeweza kuongea naye. Na lile la yule fundi wa redio wa South Beach aliyetaka kunioa, nalo ulilisikia? Mungu wangu. Basi unajua na nilivyojibu.

Sasa nikueleze kwa nini tulifika hapo, maana nadhani sehemu yake umeisahau, ulikuwa mdogo.

Tulikuwa na miezi michache tu hapa. Ulikuwa na miaka kumi. Tulipanda taxi kutoka mjini kwenda kutafuta kazi kule majumba ya baharini, na dereva alikuwa amevaa kofia ya sufu yenye kishada juu, na joto lilikuwa la kuua. Ukaniambia kwa sauti ya mtoto wa Kolwezi, sauti isiyojua kunong'ona: "Mama, tazama, kichwa cha baba huyu kimeota kitunguu!" Nilicheka. Nilicheka kweli kweli, kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba yako pale Likasi, karibu na kituo cha treni, fasi tulikuwa tumekusanywa kama mizigo sisi wenye baba na babu wa Kasai, tukingoja kufukuzwa.

Taxi nzima ikageuka. Hawakuelewa habari ya kitunguu. Walisikia lugha tu. Mtu mmoja nyuma akatuita lile jina lao la wageni, unalijua. Mwanamke mmoja akasema kitu, wengine wakaitikia. Dereva akasimama kabla ya robot, zile taa za barabarani, akafungua mlango. Akangoja tu. Tukashuka. Wewe uliniuliza, "Mama, tumefika?" Nikakuziba mdomo kwa mkono wangu. Nilikuziba kwa nguvu, mwanangu. Niliona alama za vidole vyangu kwenye shavu lako mpaka jioni.

Wiki zilizofuata, yule kijana wa chumba cha chini aliyeuza mikanda alipigwa mbele ya duka kwa sababu alimwita ndugu yake kwa Swahili kutoka ng'ambo ya barabara. Nikaona jicho lake. Usiku ule nikaweka sheria: katika nyumba hii, Swahili imekwisha. Kiingereza, na Kizulu cha shuleni. Tufanane nao.

Wewe ulijifunza kama maji yanavyojua njia, na Swahili nikadhani imekupotea. Mimi sikuweza. Nikabaki na maneno ya mkononi tu. Eat. Come. Close door. Where you go. Sorry. Nimekulea kwa maneno hayo. Jaribu kufikiri, mtu analea binti mpaka anafika kimo chake, kwa maneno anayoweza kuwaambia mbwa wa jirani.

Unakumbuka ile siku ulitoka shule na sweta umelifunga kiunoni, ukaingia chooni ukajifungia? Nilijua. Mama anajua. Nilisimama nje ya mlango na yote yakanijia mdomoni, yale ambayo nyanya yako aliniambia mimi, jinsi alivyoniambia akicheka, akinisuka nywele, mambo ya mwezi na ya vijana na ya kujiheshimu, na ile hadithi yake chafu kidogo ya mwanamke na jogoo. Yote yalikuja kwa Swahili. Yakagonga meno yakarudi. Nikasema, "Is okay. Is okay." Kisha nikaenda kununua mkate. Ulipotoka ulikuta mkate mezani. Ukaula.

Pale nilikuwa na nafasi ya kuvunja sheria yangu mwenyewe, na hakuna polisi ambaye angenikamata. Sikuivunja. Nilikuwa nimekwisha kuzoea kuogopa, na woga ukikaa muda mrefu nyumbani mtu anausahau, anauwekea hata kiti.

Basi Jumatatu nikaenda Queensburgh. Si siku yangu ya kazi. Nilipanda taxi nikiwa nimekunja uso, nikasema, leo yule Bibi atanieleza. Bibi Ilona, yule mzungu mzee, nimefua nguo zake miaka minne. Najua shuka zake, najua vidonge vyake, najua kwamba picha ya mume wake anaigeuza ukutani akiwa na hasira naye ingawa marehemu. Sikujua kwamba Jumamosi, mimi nikiwa saluni nasuka vichwa vya watu, mwanangu yuko kwake na watoto wa jengo zima. Uliniambia unakwenda kufagia majani. Nikasema, "Good. Eat first."

Nikamkuta kwenye gereji. Nikataka kuingia. Akanyoosha fimbo yake akaziba mlango.

"Mto," akasema.

"Bibi, mimi leo sina mchezo."

"Hata mimi sina. Hapa hakuna mtu anaingia bila kutaja mto wa kwao. Hata pasta wenu alitaja."

Hata pasta! Nilisimama pale na hasira yangu mkononi kama mtu aliyebeba sufuria ya moto asione pa kuitua. Nikasema, "Lualaba." Sijui sauti ilitoka wapi. Mwanangu, sikuwa nimelitamka lile jina tangu tuvuke mpaka wa Zambia. Bibi akateremsha fimbo. Nikaingia nikakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakagusa kidevu, nikalia mpaka kamasi.

Kiingereza chake ni kiwete na changu ni kiwete, ndiyo maana tunaelewana. Akanieleza yote. Labda wewe unayajua, lakini mimi nayaandika kwa sababu bado siyaamini.

Kwao Hungaria watawala walipiga marufuku skauti, alipokuwa mtoto mdogo. Maskauti waliokuwa wamekimbia vita walikuwa tayari wako nje, kwenye kambi za wakimbizi za Austria na Ujerumani, ndani ya vibanda, na blanketi moja kwa watu wawili. Watu hao hawakuwa na mkate wa kutosha, Sifa, na wakaunda vikosi vya skauti! Nilimwuliza, kwa nini? Mtu ana njaa anafunga skafu ya nini? Akasema walikuwa wanaona watoto wanaanza kusahau jina la kijiji chao kabla hata hawajasahau njaa. Kisha kambi zikafungwa na watu wakatawanyika kwa meli, wengine Amerika, wengine Kanada, Brazili, Argentina, Australia. Na kila walikoshuka, kabla hawajajua bei ya viazi, wakawakusanya watoto Jumamosi kwa Kihungaria.

Yeye alitoka baadaye, yale machafuko ya kwao yalipozimwa kwa vifaru. Alikuwa msichana wa kimo chako. Alivuka mpaka kwa miguu, kwenye matope, na kiatu kimoja. Pale kambini Austria akamwona mwanamke amevaa skafu ya skauti, kitu ambacho kwao kilikuwa cha kufichwa, amesimama mchana kweupe anawafundisha watoto wimbo. Akasema alisimama akidhani ameona mzimu.

Mjomba wake akamleta Durban. Walikuwa familia chache tu. Akaanzisha kikosi, hapa hapa, kwenye gereji hii. Vitabu vilikuja kwa posta kutoka Amerika, kwa wenzao. Na sheria yao ndiyo iliyonimaliza: mtoto aliyezaliwa hapa, au São Paulo, au Sydney, hawezi kuwa kiongozi wa wenzake mpaka afanye mtihani kwa Kihungaria, aitaje mito, milima, wafalme na nyimbo za nchi ambayo hajawahi kuikanyaga. Miaka arobaini walifanya hivyo. Watoto wa watoto. Nchi yenyewe imefungwa, na huku mtoto wa Durban mwenye mchanga wa bahari kwenye soksi anataja mto Tisza kama mto wa nyuma ya nyumba.

Mimi nilikaa mdomo wazi. Wao walikimbia, wakafungua lugha yao mbele ya dunia nzima. Mimi nilikimbia, nikaziba mdomo wa mtoto mmoja.

Lakini ngoja. Nilimwuliza swali, na nataka ulijue, kwa sababu wewe unampenda sana na mtu unayempenda umjue wote. Nikamwuliza: "Bibi, mlipokuwa mnapiga kambi na kuimba milimani huko, sisi weusi tulikuwa wapi?" Akasema: "Mlikuwa mnatubebea mahema. Kulikuwa na mzee Mzulu, mpishi wetu, miaka tisa alikuja kambini na sisi. Sikumwuliza hata mara moja mto wa kwao ni upi." Akapangusa miwani yake ingawa haikuwa na kitu. "Nilikuwa mkimbizi, nikadhani mkimbizi hana wa kumwomba radhi."

Na mwana wa Bibi, yule wa picha kubwa sebuleni, yuko Johannesburg. Nilidhani hapigi simu. Anapiga. Kwa Kiingereza. Kwa sababu Bibi alikuwa akimchapa kwa kila neno la Kiingereza lililomtoka, hata akiwa anaota ndoto. Alipofika miaka kumi na minane akasema, mama, nimemaliza mtihani wako, na tangu siku ile hajasema tena Kihungaria. Wanaongea habari za hali ya hewa. "Kama wewe na Sifa," akaniambia. Hakuwa na huruma. "Wewe ulifunga, mimi nilisukuma. Sote tunaongea habari za mvua."

Nilitaka kuondoka hapo. Nilinyanyuka kwenye kile kiti kidogo, na kiti kikanyanyuka na mimi, kimening'ang'ania. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Nikacheka na mimi. Nikakaa tena.

Ndipo akanieleza habari ya fundo.

Sifa, ile skafu ya kijani. Nilidhani ni ya michezo ya shule. Kila Ijumaa jioni nimeifua, nimeipiga pasi, na kila Ijumaa nilikuta pembe yake moja imefungwa fundo. Nilikuwa nanung'unika: mtoto huyu kila kitu anakifunga ovyo, kama mfuko wa chumvi. Nalifungua. Lilikuwa limekazwa, wakati mwingine nilitumia meno. Kisha napitisha pasi mpaka mkunjo unapotea, nakuwekea kwenye kiti, najiona mama mwema.

Bibi akasema ni desturi ya skauti tangu zamani, kufunga fundo kwenye skafu ili ukumbuke tendo jema la siku, na halifunguliwi mpaka tendo lifanyike. Wao ugenini walilibadilisha kidogo. Kwa watoto wao tendo lilikuwa ni kwenda nyumbani na kuongea na mzazi, maneno ya kweli, kwa lugha ya nyumbani. Ukishaongea, mzazi na mtoto mnalifungua. Na ninyi, mlioachiwa gereji watoto wa Kihungaria walipokwisha kukua, mmeifanya hivyo hivyo kwa Swahili. Plamedi, sijui kama ulijua, alimsimulia mama yake kwa Swahili jinsi alivyoiba mayai mawili, ili tu afunguliwe fundo lake. Akafunguliwa na kofi juu.

Bibi akasema: "Kila Jumamosi Sifa anakuja na skafu imenyooka. Namwuliza, umesema na mama yako? Anasema, hapana, ni mama ameifungua kwa kufua. Analifunga tena. Mwingine angedanganya. Mimi nisingejua."

Miaka miwili, Sifa. Miaka miwili ulifunga na mimi nikafungua kwa meno. Ulikuwa unanigongea mlango, na mimi kwa mikono yangu nilikuwa nafuta alama ya kugonga, naipiga na pasi.

Na maneno ulikuwa unayatoa wapi? Watoto wengine walitumwa kwa mama zao, "Mama, hii inaitwaje?" Wewe ulikuwa na mama mwenye sheria. Basi ulilala nyuma ya pazia ukaokota maneno kutoka kwenye maombi yangu. Bibi aliniambia siku moja ulileta neno "unisitiri". Ukawaeleza watoto kwamba ni kufunika mtu asiaibike. Wakataka mfano. Ukawaambia, "Kama Mama anapofungua bomba."

Nilirudi na taxi ya jioni. Nilipita robot mbili bila kuona kama ni nyekundu au kijani. Nikafika nyumbani. Ulikuwa unakunja nguo. Nikafungua mdomo, na nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nilikuwa na sentensi yangu nzuri ya Swahili. Nikasema, "Eat."

Ukasema, "Thank you, Ma."

Ndivyo mimi nilivyo. Mdomo nao unaweza kuota kutu. Jana ikawa hivyo, leo hivyo. Ninakuona unaniangalia pembeni, unangoja. Na kesho unaondoka.

Sasa unakwenda Kanada, moja ya nchi walikoshuka wenzake Bibi kwenye meli zao. Sijui nikuambie nini. Sitaki kukuambia ushike lugha kama mtu anashika mkoba sokoni. Bibi aliponieleza mwisho wa habari yake, kwamba nchi yao ilipofunguliwa alirudi kuitazama, nilimwonea huruma kuliko alipokuwa na kiatu kimoja. Aliingia dukani kununua mkate, akasema Kihungaria chake kile alichokilinda miaka yote, na msichana wa duka akaangua kicheko. "Bibi, unaongea kama picha ya zamani!" Akakaa kwenye benchi na mkate wake. Anasema hakujua kama ajivune au ajitupe mtoni. Kisha jioni ile ile akaitwa kwenye shule moja, watoto wa huko wanataka kuanzisha skauti tena na hakuna anayekumbuka nyimbo. Akawafundisha yeye, wa Durban. Usiku akalala vizuri.

Njo vile. Utachekwa na watu wa huko, na utachekwa na watu wa Kolwezi ukirudi. Swahili yako ina maneno ya jikoni na ya Biblia tu, nimekusikia Jumapili, hujui hata kutukana. Ni kosa langu, mtu hawezi kujifunza matusi kwenye maombi. Shangazi yako atakufundisha, yeye fundi.

Na nisikudanganye kitu kingine. Mama Kabibi anataka niseme nilikosea kabisa. Sijui. Ukinirudisha kwenye ile taxi, wewe umenishika kidole, na wale watu wamegeuka, labda ningekuziba mdomo tena. Ulitakiwa ufike nyumbani mzima. Lakini ningeutoa mkono. Hilo ndilo. Tulipofika nyumbani na kufunga mlango ningeutoa mkono, tukacheka habari ya kitunguu. Mimi nilisahau mkono wangu pale mdomoni mwako miaka saba.

Usikae na watu Kanada ambao unaogopa kucheka mbele yao. Ukilazimika kukaa nao, basi uwe na chumba kimoja, hata kama ni choo, unapoweza kucheka. Ukizaa, usimchape mtoto kwa lugha yoyote. Mwombe tu ataje mto. Akikataa, mwache ale.

Na kwa kuwa nimeanza kuongea sitaki kunyamaza kabla sijakupa kitu hiki, maana kwa Kiingereza hakikuwezekana kabisa. Baba yako aliniona mara ya kwanza pale Lualaba. Nilikuwa nafua nguo na wasichana wenzangu. Yeye alikuwa juu kidogo ya mto, na kofia mpya ya kazi ya mgodini. Akaiangusha majini. Maji yakaileta mpaka kwangu, nikaikamata, akaja kuichukua, amejaa aibu, anasema upepo. Hapakuwa na upepo, mwanangu! Majani hayakutikisika! Wenzangu walinicheka mwezi mzima: Mama Upepo. Hata siku ya ndoa pasta aliniita hivyo kwa kukosea. Ndiyo nyumba uliyotoka. Ulikuwa hujui kwamba mama yako ana jina la utani.

Watoto wa gereji wanauliza nani atawafungia mafundo. Nimekwisha kusema na Mama Kabibi. Amenuna, Jumamosi ndiyo siku ya vichwa vingi, kisha akasema, "Nenda, Mama Sifa, na weye ujifunze kusema." Jumamosi nitakwenda Queensburgh mimi. Mto wangu ninao.

Jioni hii nimefua skafu yako kwa mara ya mwisho. Pembe ilikuwa na fundo, umelikaza kuliko siku zote. Nimeipiga pasi yote, nikalizunguka. Sikulifungua. Iko juu ya valizi lako la safari, na barua hii nimeiweka chini yake, najua asubuhi mkono wako utakwenda pale kwanza.

Ukishasoma mpaka hapa, usiniambie "Morning, Ma." Sitaitika. Niko jikoni, bomba nimelifunga, chai ni ya sukari leo. Njoo na skafu. Niambie chochote, hata cha kunigombeza, na kama una hasira anza na hiyo. Nikishindwa kujibu, ningoje kidogo, usiondoke. Gari la uwanja wa ndege nimeliomba lije kwa kuchelewa.

Mimi mama yako,
Mama Upepo